Tabibu Anapokosa Dawa
(Somo juu ya madaktari waliosimama kuzuia vita)

 

Ndugu zetu wasomaji, katika darasa letu tulifika kwenye aya ya 32 ya Suratul-Maida, ambayo Mwenyezi Mungu atufunza ndani yake ya kuwa mwenye kuua nafsi moja pasi na haki ni kama aliyewaua watu wote, na mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Hapo aliuliza mwanafunzi mmoja: "Kuua twakujua. Lakini mtu huihuishaje nafsi, ilhali uhai wote uko mkononi mwa Mungu?" Wenzake wakamjibu kwa kumtaja tabibu, wakasema ya kuwa yeye ndiye sababu aliyoiweka Mungu ya watu kupona.

Jibu hilo ni sahihi, lakini lina upungufu. Kwani uko msiba ambao tabibu akiungoja ufike ndipo autibu, hatakuwa na dawa, wala hospitali, wala mikono ya kutibia. Msiba huo ni vita vya silaha za nyuklia. Yaliinuka makundi ya madaktari katika karne iliyopita, wakaufahamu ukweli huu, wakaona ya kuwa kazi yao haiwezi tena kuanzia kitandani kwa mgonjwa, bali yataka ianze kabla ya jeraha. Somo letu la leo ni khabari zao, na yatupasayo sisi kujifunza kwao.

YALIYOWAPATA MADAKTARI WA HIROSHIMA

Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo ya asubuhi, ndege ya Marekani ilitupa bomu la atomiki juu ya mji wa Hiroshima katika nchi ya Japani. Bomu lilipasuka angani, kiasi cha mita 600 juu ya ardhi, karibu sawasawa na paa la hospitali moja iitwayo Shima. Waliokuwamo, wagonjwa na wauguzi, waliteketea wote. Daktari mwenye hospitali alisalimika kwa kuwa siku ile alikuwa nje ya mji kumtibu mgonjwa. Inakisiwa ya kuwa hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 wa mji huo walikuwa wamekufa. Siku tatu baada ya Hiroshima ukapigwa mji wa Nagasaki, na huko nako wakafa makumi ya maelfu.

Lakini jambo tunalotaka msomaji alitie moyoni ni hili. Katika Hiroshima mlikuwa na madaktari wapatao 300. Katika hao 270 waliuawa au walijeruhiwa. Mlikuwa na wauguzi 1,780. Katika hao 1,654 waliuawa au walijeruhiwa. Basi siku ambayo watu walihitaji tabibu kuliko siku zote za maisha yao, tabibu mwenyewe alikuwa chini ya kifusi. Dawa ziliungua pamoja na maduka yake, na maji yalikatika.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 8 Septemba, aliingia Hiroshima daktari wa Uswisi, Marcel Junod, mjumbe wa Msalaba Mwekundu, pamoja na shehena ya dawa. Mtu huyu hakuwa mgeni wa vita. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1935 na 1936, alikuwako Habasha, jirani yetu, wakati jeshi la Italia lilipoishambulia nchi ile kwa mabomu na kwa hewa ya sumu iunguzayo ngozi na mapafu. Aliona hospitali za mahema zikipigwa kutoka angani ilhali alama ya Msalaba Mwekundu yaonekana wazi. Alipofika Hiroshima alikuta ya kuwa vile alivyoviona Habasha vimekuzwa hata vikazidi fahamu ya mwanadamu. Baadaye akaieleza dunia aliyoyaona.

KHABARI ZA MENO YA WATOTO

Baada ya vita vile, dola kubwa hazikuacha. Marekani, Urusi ya Kisovieti, na Uingereza zikawa zinayajaribu mabomu hayo angani, moja baada ya jingine, zikisema ya kuwa majaribio hayo hayamdhuru mtu kwa kuwa hufanywa jangwani na visiwani. Raia wa kawaida angejuaje kama ni kweli au si kweli?

Katika mji wa St. Louis, nchini Marekani, walijikusanya madaktari, wanachuoni wa elimu ya viumbe na akina mama wa mji, wakatafuta njia. Walijua ya kuwa katika vumbi la mabomu hayo mna kitu kiitwacho strontiamu 90. Vumbi huchukuliwa na upepo mbali sana, likashuka na mvua juu ya majani, ng'ombe akayala, kikaingia katika maziwa, na mtoto akayanywa. Na kwa kuwa strontiamu yafanana na ile chokaa ijengayo mifupa, mwili huipokea na kuiweka katika mifupa na meno.

Basi kuanzia mwaka 1958 wakawaomba wazazi wasiyatupe meno ya watoto yanapong'oka, bali wawapelekee. Kazi hiyo ilisimamiwa mwanzo wake na tabibu wa kike, Louise Reiss. Kwa muda wa miaka yalikusanywa meno yapatayo 300,000. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1961, nayo yalionyesha ya kuwa kadiri majaribio yalivyozidi, ndivyo strontiamu ilivyozidi katika meno ya watoto waliozaliwa baadaye. Tarehe 5 Agosti 1963 dola tatu hizo zilitia saini mkataba mjini Moscow wa kuacha kuyajaribu mabomu hewani, baharini na katika anga za juu.

Hatusemi ya kuwa meno peke yake ndiyo yaliyouleta mkataba. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini tazama, ewe ndugu msomaji, nguvu ya ushahidi. Watu hawa hawakuwa na jeshi wala vyeo. Walichukua kitu ambacho kila mzazi hukitupa, wakakipima, wakasema kweli juu yake, na wakubwa wa dunia wasiweze kuikanusha.

DAKTARI WA BOSTON NA DAKTARI WA MOSCOW

Bernard Lown alizaliwa Lithuania mwaka 1921, akahamia Marekani pamoja na wazazi wake angali kijana, akawa bingwa wa maradhi ya moyo katika mji wa Boston. Yeye ni miongoni mwa waliotengeneza chombo cha kuushtua kwa umeme moyo uliopotewa na mapigo yake. Mwaka 1961 alikwenda kusikiliza hotuba ya Philip Noel-Baker, Mwingereza aliyepewa Zawadi ya Nobel ya Amani mwaka 1959. Alitoka pale na fikra iliyomnyima raha: yeye hukesha ili moyo mmoja usisimame, na huku zatengenezwa silaha za kuisimamisha mioyo ya mji mzima kwa dakika moja.

Akawakusanya madaktari wenzake, nao wakakaa kuandika. Mwaka 1962 walitangaza katika jarida la madaktari wa Marekani hesabu yao: ikiwa Boston itapigwa kwa mabomu ya nyuklia, je, matabibu watafanya nini? Hawakuhubiri, walihesabu. Walionyesha ya kuwa hospitali nyingi ziko katikati ya mji, na madaktari nao hukaa humo humo, kwa hiyo wengi wao watakufa pamoja na wagonjwa wao. Na kila daktari atakayesalimika huenda akakabiliwa na majeruhi zaidi ya 1,000.

Fanya hesabu hiyo mwenyewe. Daktari mmoja, majeruhi 1,000. Ampe kila mmoja dakika kumi tu, na afanye kazi saa 20 kwa siku bila ya kupumzika. Zitapita siku zaidi ya nane kabla hajamtazama yule wa mwisho mara ya kwanza. Na mtu aliyeungua hangoji siku nane. Natija yao ilikuwa ya kuwa elimu ya utabibu haina tiba ya vita hivi. Iliyobaki ni kinga tu. Wazee wetu walikwisha kutuambia ya kuwa kinga ni bora kuliko tiba, na hapa kinga si bora tu, bali ndiyo pekee.

Lakini kuwaambia watu wa upande mmoja haitoshi. Mwenye ugomvi huwa tayari sikuzote kusikia ubaya wa silaha za mwenziwe. Lown alikuwa akijuana na bingwa mwenziwe wa moyo, Yevgeny Chazov wa Moscow, aliyekuwa akiwatibu wakuu wa serikali ya Kisovieti. Mwezi wa Desemba 1980 walikutana Geneva, madaktari watatu wa Marekani na watatu wa Urusi, wakakubaliana kuunda Jumuia ya Kimataifa ya Madaktari wa Kuzuia Vita vya Nyuklia. Mkutano wao wa kwanza ulikuwa Marekani mwezi wa Machi 1981.

Mwezi wa Juni 1982 lilitokea jambo ambalo watu hawakulitazamia. Madaktari sita, watatu wa huku na watatu wa kule, walikaa mbele ya televisheni ya Urusi, wakazungumza juu ya maafa ya vita vya nyuklia, na maneno yao yakapelekwa kwa mamilioni ya watu bila ya kukatwa. Waliwaambia watu waziwazi ya kuwa mahandaki hayatawaokoa, na ya kuwa katika vita hivyo hapana atakayeshinda. Hadi kufika mwaka 1985 jumuia yao ilikuwa na madaktari zaidi ya 100,000 katika nchi zaidi ya 40, na mwaka huo ikapewa Zawadi ya Nobel ya Amani.

Walipokuwa Oslo kuipokea zawadi hiyo, waandishi wa khabari waliwakabili kwa masuala makali. Katikati ya majibizano, mwandishi mmoja wa Kirusi alianguka na moyo wake ukasimama. Wale madaktari waliacha maneno, Lown na Chazov pamoja, wakapiga magoti, wakakisukuma kifua chake na kumpa pumzi, mpaka akachukuliwa hospitali. Mtu yule akaishi. Hapana aliyemwuliza kwanza ni wa chama gani. Palipokuwa na hoja za pande mbili, palibaki mtu anayekufa na watu wanaomsaidia.

MASUALA MATATU NA MAJIBU YAKE

Khabari hizi zilipozungumzwa darasani yalitokea masuala matatu, na hatupendi kuyapita kimya.

La kwanza: "Hawa si Waislamu. Je, yafaa tuwafanye mfano?" Jibu letu ni ya kuwa haki haiulizwi kabila. Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria katika ujana wake, kabla ya kupewa utume, mapatano ya Hilful-Fudhul katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, ambamo watu wa Makka waliahidiana kumsaidia aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Na baada ya kupewa utume aliyasifu, akaeleza ya kuwa lau angeitwa kwa mapatano kama yale katika Uislamu, angeitika. Waliokula ahadi ile walikuwa washirikina, lakini jambo lenyewe lilikuwa jema.

Na jambo hili la tabibu kukataa kuwa mkono wa mauti limeandikwa katika vitabu vyetu wenyewe. Ibn Abi Usaibia, tabibu wa Sham aliyefariki mwaka 1270, asimulia katika kitabu chake cha khabari za matabibu kisa cha Hunain bin Is-haq, tabibu Mkristo aliyekuwa Baghdad katika karne ya tisa. Khalifa Al-Mutawakkil alimtaka amtengenezee sumu ya kumwulia adui yake, akamwahidi mali. Hunain akajibu ya kuwa hakujifunza ila dawa za kunufaisha. Akafungwa mwaka mzima, kisha akaletwa tena na kuonyeshwa mali upande mmoja na upanga upande wa pili. Akakataa vile vile. Alipoulizwa ni nini kilichomzuia, alitaja mambo mawili: dini yake na kazi yake. Dini yamwamrisha kumtendea wema hata adui, sembuse rafiki; na kazi ya utabibu imewekwa kwa ajili ya kuwanufaisha wanadamu. Hapo khalifa akamwambia ya kuwa alikuwa akimjaribu, akampa heshima yake. Wanachuoni wa Kiislamu waliihifadhi khabari hii, wakaisimulia kwa kumsifu, wala hawakuificha kwa sababu ya dini ya mwenyewe.

La pili: "Vita ni kadari. Kilichoandikwa kitakuwa, kuhangaika kwa nini?" Haya ni maneno ya uvivu yaliyovishwa kanzu ya imani. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham alipata khabari ya tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamweleza ya kuwa wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde la upande mmoja wenye majani na upande mmoja mkavu. Popote atakapolisha atalisha kwa kadari, lakini ana akili ya kuchagua. Ikiwa kuepuka tauni ni katika dini, basi kuepuka bomu liwezalo kuua zaidi ya tauni kutakuwaje nje ya dini? Tawakkali ni kufunga ngamia na kumtegemea Mungu, si kumwacha apotee kisha kumsingizia Mungu.

La tatu ndilo zito kuliko yote: "Amani gani hii pamoja na madhalimu? Wakati madaktari hawa wakizungumza amani, si majeshi ya Kisovieti yalikuwa yakiwaua Waislamu wa Afghanistan?" Ni kweli. Majeshi hayo yaliingia Afghanistan mwezi wa Desemba 1979, na jumuia ilichagua kujifunga na jambo moja tu, silaha za nyuklia, ili isivunjike. Tena Chazov alikuwa ametia saini yake, mwaka 1973, katika barua ya kumlaumu Sakharov, mwanachuoni wa Kirusi aliyekuwa akitetea haki za watu. Na kwa sababu hiyo wakubwa kadha wa Ulaya walitaka anyimwe zawadi mwaka 1985.

Sisi hatutawatakasa. Kunyamaza mbele ya dhulma ni upungufu, awe mwenye kunyamaza ni tabibu au shekhe. Lakini insafu yatutaka tuseme pia ya kuwa kosa la mtu katika jambo moja haliigeuzi kweli yake katika jambo jingine kuwa uwongo. Bomu lile, lau lingepigwa, lisingemwacha Mwafghani wala Mrusi, mdhulumiwa wala dhalimu. Ama kipimo chetu sisi ni aya ya tisa ya Suratul-Hujurat: makundi mawili ya waumini yakipigana, tuyapatanishe, na moja likiendelea kudhulumu, lizuiwe mpaka lirejee, kisha tupatanishe kwa uadilifu. Sulhu haikuwekwa badala ya haki; imefungwa pamoja nayo.

HUKUMU YA SILAHA HIZI MBELE YA SHERIA

Wako ndugu zetu waliofurahi mwaka 1998 Pakistan ilipojaribu mabomu yake baada ya India, wakaona ya kuwa sasa umma umepata heshima. Twaifahamu khofu iliyowapelekea, lakini furaha isitusahaulishe sheria. Imepokewa katika hadithi sahihi ya kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kuua wanawake na watoto vitani. Imepokewa vile vile ya kuwa alikataza kuadhibu kwa moto, kwani moto ni adhabu ya Mwenyezi Mungu peke yake. Na katika Muwatta ya Imam Malik mna wasia wa Sayyidna Abubakar (R.A.) kwa jemadari wake aliyekwenda Sham: asiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee, asikate mti wenye matunda, wala asibomoe mahali penye makazi. Sasa itazame silaha ambayo kazi yake ni moto, na shabaha yake ni mji, na haimjui mtoto wala mzee, na sumu yake hubaki katika udongo na maziwa. Je, kuna sharti moja katika masharti hayo ambalo silaha hii yaweza kulitimiza? Kuwa mkononi mwa Mwislamu hakuihalalishi.

Wala mtu asidhani ya kuwa vita vya huko havitufikii huku. Mwaka 2013 jumuia ile ya madaktari ilitangaza uchunguzi juu ya vita baina ya India na Pakistan. Ikiwa yatapigwa mabomu 100 tu ya kadiri ya lile la Hiroshima, moshi wa miji inayoungua utapanda juu kabisa, utalizuia jua kwa miaka, mavuno ya ngano na mpunga yatapungua mbali na pale palipopigwa, na watu zaidi ya milioni 2,000 watakuwa katika khatari ya njaa. Mchele wa Pakistan wajulikana katika maduka yetu ya pwani, na wengi ndio wanaoupikia pilau. Basi moto utakaowashwa Lahore au Delhi, moshi wake utaonekana katika sufuria za Mombasa na Lamu.

KAZI HAIJAKWISHA

Silaha hizi zilizokuwa zipatazo 70,000 katikati ya miaka ya 1980 zimepungua hata zikawa zipatazo 12,000. Ni upungufu mkubwa, lakini zilizobaki zatosha kuiangamiza dunia, na zimo mikononi mwa dola tisa.

Madaktari hawakuacha. Mwaka 2007 walianzisha, kutoka Australia, harakati ya mataifa mengi ya kuzipiga marufuku silaha hizo, nayo ilipewa Zawadi ya Nobel ya Amani mwaka 2017. Tarehe 7 Julai mwaka huo huo, katika Umoja wa Mataifa, nchi 122, na Kenya miongoni mwao, ziliupigia kura mkataba wa kuzikataza, na mkataba huo ukaanza kufanya kazi tarehe 22 Januari 2021. Jirani zetu wa Komoro ni miongoni mwa walioufuata. Dola tisa zenye silaha hazikuukubali. Lown na Chazov wote wawili walifariki katika mwaka huo wa 2021. Na mwezi wa Aprili 2023 jumuia yao ilifanya mkutano wake wa dunia mjini Mombasa, katika pwani yetu hii hii. Tujiulize: ni wangapi katika sisi waliosikia ya kuwa wageni hao walikuwako, na ya kuwa walikuja kwa jambo gani?

MAFUNZO YETU

Kwanza, kusema kwa elimu. Wale hawakupiga kelele. Walihesabu vitanda, wakapima meno, wakaandika. Mara ngapi sisi twasimama kukemea jambo ambalo hatukulichungua? Amri njema bila ya ujuzi huharibu zaidi ya inavyotengeneza.

Pili, kusema na pande zote mbili. Yule anayekwenda kwa kundi lake tu na kuwaambia ubaya wa kundi la pili si mpatanishi, bali ni mchochezi mwenye kilemba.

Tatu, kuanza mapema. Katika nchi yetu, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua watu zaidi ya 1,000 hadi mwanzoni mwa 2008. Panga na risasi hazikuanza siku ile. Yalitangulia maneno barazani na sokoni, majina ya dharau waliyopewa majirani, na wazee walioyasikia wakacheka. Mwenye kuukemea mzaha wa chuki katika baraza yake amefanya kazi ya tabibu kabla ya jeraha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa damu haujengeki.

Nne, kuwapeleka wanetu katika elimu hii. Twataka Waislamu watakaosomea utabibu si kwa ajili ya gari na nyumba tu, bali ili wawe na haki ya kusema mbele ya wakubwa: sisi ndio tunaozishona nyama mnazozirarua, basi tusikilizeni.

Sasa tumrudie yule mwanafunzi wetu. Mtu huihuishaje nafsi? Huihuisha kwa kuitibu ikiwa yatibika. Na ikiwa haitatibika, huihuisha kwa kusimama mbele ya kile kitakachoiua, kabla hakijafika, hata kama kusimama huko kutamletea lawama za pande zote.

Kwa mazungumzo ya darasa lijalo, kila mmoja na ayafikiri masuala haya: (1) Ni lipi lililo baina ya kutegemea Mungu na kukaa bure? (2) Je, yafaa kupatana na aliyedhulumu kabla hajarudisha haki, na mpaka wa jambo hilo ni upi? (3) Ni ufa gani uliomo mtaani mwako leo, na nani wa kuuziba?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azizuie nafsi zetu na damu, azilainishe nyoyo za wenye nguvu, awasaidie wanaodhulumiwa popote walipo, na atujaalie miongoni mwa wanaotengeneza wala si wanaoharibu. Amin.